Makro Iliyonyamaza: Kisa cha Vipimo Vilivyoonekana Kwenye Skrini Visitoke Kwenye Karatasi

Karatasi iliyomfikia fundi wa dari ilikuwa na kuta, milango, zidaka (vishubaka vya ukutani) na ngazi, lakini upana wa vyumba haukuandikwa popote. Kwa nyumba ya mawe ya Lamu, huo si upungufu mdogo. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba huenda sambamba na urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vya Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe mjini Lamu, ni virefu na vyembamba. Fundi asiyepewa kipimo atapima mwenyewe juu ya ukuta ambao chokaa yake imeshabanduka, au atakata kwa mazoea, na boriti iliyokatwa fupi hairefushwi.

Fundi huyu hakukata. Alirudi ofisini na karatasi mkononi.

"Mwanangu, vipimo vi wapi?"

"Ami, mbona viko?" Mchoraji akafungua faili na kumwonyesha. Vyote vilikuwepo kwenye skrini, kimoja baada ya kingine, vimepangwa vizuri. Akachapa tena. Karatasi ikatoka kama ya kwanza.

Ofisi yenyewe ni ndogo. Inapima nyumba za zamani na kuandaa michoro ya ukarabati, na kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, mchoro wa nyumba moja hupita mikono mingi kabla ya jiwe lolote kuguswa. Wanatumia AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta. Miaka ya nyuma kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapo aliwaandikia makro (programu ndogo ndani ya programu) kwa lugha ya VBA, iliyosikiliza matukio ya AutoCAD na kufanya baadhi ya kazi kimyakimya, kisha akahamia Mombasa. Makro ikabaki, watu wakaendelea kuitegemea, na hakuna aliyeifungua kuona ndani mna nini. Niliitwa niitazame.

Jibu la swali la fundi lilipatikana haraka. Katika AutoCAD vitu vya mchoro hupangwa kwenye leya, yaani tabaka zenye majina, na kila leya ina sifa inayosema kama vitu vyake vichapwe au visichapwe. Ofisi hii ina leya iitwayo USAIDIZI, ya mistari ya kupimia na kulinganisha, na imezimwa isichapwe. Ni desturi nzuri. Vipimo vyote vya nyumba ile vilikuwa kwenye USAIDIZI badala ya leya ya VIPIMO. Macho yanaviona, printa haivioni. Kuvihamisha ni kuvichagua na kubadili leya, basi.

Swali lililobaki ndilo lenye uzito. Makro ilikuwepo kwa ajili ya jambo hilohilo. Mchoraji akianza amri yoyote ya kuweka vipimo, makro humhamishia kwenye VIPIMO, na amri ikiisha humrudisha alikokuwa. Siku ile haikumhamisha, wala haikusema kitu.

Tofauti ya makro ya namna hii na makro ya kawaida inafaa kuelezwa hapa, kwa sababu kisa kizima kinasimama juu yake. Makro ya kawaida unaiita, inafanya kazi, inakwisha. Usipoiita, unajua kwamba hukuiita. Makro ya matukio haiitwi na mtu. AutoCAD yenyewe hutangaza mambo yake yanapotokea: amri imeanza, amri imeisha, mchoro unahifadhiwa, mchoro unachapwa, kigeu cha mfumo (mpangilio wa AutoCAD wenye jina na thamani) kimebadilika. Matangazo hayo yana majina, kama BeginCommand, EndCommand, BeginSave, BeginPlot na SysVarChanged. Makro hukaa imetega sikio. Sikio likiziba, AutoCAD itaendelea kutangaza kama kawaida, kazi itaendelea kama kawaida, na hakuna kitakachokuambia kwamba hakuna anayesikiliza. Ndiyo sababu mchoraji hakushuku lolote. Alikuwa amezoea kutoitazama leya, maana makro ilimzoesha hivyo.

Nilipouliza hitilafu hutokea lini, mwenye ofisi alinijibu kwa maelezo mazuri kuliko anavyodhani: "Kaka, asubuhi yafanya kazi. Mchana yalala. Ukifunga kompyuta ukafungua, yaamka." Wachoraji walikwisha kukubaliana kwamba ni joto. Mimi nilikwenda kwenye uhai wa kile kitu kinachosikiliza.

Katika VBA ya AutoCAD, matukio ya mchoro mmoja unaweza kuyaandikia ndani ya ThisDrawing na yakafanya kazi mara tu mradi (faili lenye msimbo wa makro) unapopakiwa. Matukio ya programu nzima ni jambo lingine. Unatengeneza moduli ya klasi (kielelezo cha kuundia vitu), ndani yake unatangaza kigeu (mahali pa kushikilia kitu) kwa neno WithEvents, halafu mahali pengine unaunda nakala ya klasi hiyo na kuiunganisha na programu. Kuanzia hapo, usikivu wote unategemea kigeu kimoja kinachoishikilia nakala hiyo. Kikipotea, nakala inakufa, na usikivu unakufa nayo. Wanaoanza huitangaza nakala ndani ya utaratibu (kipande cha msimbo kinachotekelezwa) wenyewe, nayo hufa utaratibu unapofika mwisho, kabla hata haijasikia tukio moja. Kijana wa Lamu hakufanya hivyo. Alikitangaza juu kabisa ya moduli, mahali sahihi.

Lakini vigeu vya ngazi ya moduli navyo vina adui. Hitilafu isiyoshughulikiwa ikitokea, VBA hufungua kidirisha chenye kitufe cha End. Ukikibofya, mradi mzima hurudishwa mwanzo na vigeu vyote humwagwa, kikiwemo kile kinachoshikilia sikio. Mtumiaji huona kidirisha kimeondoka na kazi inaendelea, kwa hiyo hana sababu ya kufikiri kuna kilichokufa.

Dhana hiyo ilihitaji ushahidi. Niliongeza mistari michache ili kila tukio liandike saa na jina lake kwenye faili la maandishi, kisha nikawaachia wafanye kazi zao bila kuniangalia. Daftari lile lilionyesha matukio yakiandikwa mfululizo na kukatika ghafla, na mstari wa mwisho kila mara ulikuwa BeginCommand ya amri ya kipimo. Hatukuona hata mara moja usikivu ukififia kidogokidogo. Nikaulinganisha muda wa kukatika na mafaili yaliyokuwa wazi wakati huo. Yalikuwa michoro iliyotoka nje: ya mhandisi wa maji, ya mpimaji wa ardhi, ya mteja aliyechorewa bara. Michoro hiyo haina leya iitwayo VIPIMO. Makro ilikuwa ikiitafuta kwa jina, inakosa, AutoCAD inajibu "Key not found", kidirisha kinatokea, mchoraji mwenye haraka anabofya End. Kuanzia hapo hadi jioni hakuna makro. Joto la mchana halikuhusika. Ni kwamba barua pepe za watu wa nje hufunguliwa mchana.

Hii ndiyo sababu kuu, na ingetosha kulifunga jambo kwa kuongeza mistari miwili ya kushughulikia hitilafu. Sikufanya hivyo peke yake, kwa kuwa kuisoma makro yote kulionyesha udhaifu mwingine ambao ungewarudisha palepale.

Wa kwanza ni ule wa kumrudisha mchoraji kwenye leya yake. Makro iliikumbuka leya ya awali kwenye BeginCommand na kuirejesha kwenye EndCommand, ikiamini kwamba kila mwanzo utafuatwa na mwisho wake moja kwa moja. Sivyo watu wanavyochora. Mtu yuko katikati ya kipimo, anaita ZOOM ili aone pembe ya kidaka, anarudi, anabofya Esc, anaanza upya. VBA haina tukio linalosema "amri imekatishwa". Ina mwanzo na mwisho tu. Uhakika pekee unaoweza kujengea ni kwamba Begin ya jambo hutangulia End yake. Mfuatano wa mengine usiutegemee, kwa mfano BeginOpen ianguke wapi ukiilinganisha na BeginCommand. Wanaotumia AutoLISP, lugha nyingine ya kuandikia makro za AutoCAD, wana nafuu hapa, maana vlr-command-reactor hutofautisha amri iliyoisha, iliyokatishwa na iliyoshindwa. Kwa VBA, makro inayokumbuka kitu kati ya matukio mawili inapaswa kujiuliza kila mara: na tukio la pili lisipokuja, au likija jingine katikati?

Wa pili ni mzunguko. Mwenye ofisi alitaka mtu asichore kwenye leya 0 (leya ambayo kila mchoro huwa nayo tangu mwanzo), kwa hiyo kulikuwa na utaratibu kwenye SysVarChanged uliongoja CLAYER (kigeu cha leya inayotumika sasa) ibadilike kisha uiweke leya nyingine. Kuiweka leya ni kuibadili CLAYER, na kuibadili CLAYER ni kuliita tukio lilelile tena. Kijana alikuwa ameweka sharti lililoyazuia mengi, ila leya iliyotakiwa ikikosekana, utaratibu ulijirudia hadi ukaishia kwenye hitilafu, na hitilafu ikaishia kwenye End. Usifanye ndani ya tukio jambo litakaloliamsha tukio hilohilo. Ukilazimika, weka bendera ya ndiyo au siyo inayosema "mimi mwenyewe ndiye ninayebadili sasa", na uiangalie kabla ya lolote.

Wa tatu ni fomu. Kwenye BeginSave makro ilifungua fomu ya kuuliza jina la aliyepima nyumba, ili liandikwe pembeni mwa karatasi. Wakati tukio linatangazwa, AutoCAD bado imo ndani ya amri ya kuhifadhi. Kumwomba mtu ajaze fomu, achague kitu au abofye nukta wakati huo ni kumwingilia aliyeshika kalamu. Ujumbe mfupi wa taarifa huvumilika katika matukio mengi, lakini kuuliza na kusubiri jibu hakufai. Tena, kidirisha kisichomruhusu mtumiaji kufanya lingine hadi akifunge kikiwa wazi, AutoCAD haitangazi matukio kabisa. Kwa hiyo fomu ile, iliyotakiwa kusaidia usikivu, iliuzima kila ilipofunguka.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo si la msimbo. Kompyuta mojawapo ilikuwa imewekewa toleo jipya la AutoCAD, na tangu toleo la 2010 VBA haimo ndani ya usakinishaji. Hupakuliwa pembeni, na lazima iendane na mwaka wa toleo. Hakuna aliyeipakua. Kwenye kompyuta hiyo makro haikuwahi kulala kwa sababu haikuwahi kuamka, na aliyeitumia aliamini analindwa kama wenzake.

Ofisi ilitarajia nirekebishe makro. Nilipoyaweka mezani majukumu yake, nikaona sehemu kubwa haistahili kuwa makro. Hapo ndipo nilipotofautiana na mwenye ofisi, na tulibishana kwa heshima.

Tangu AutoCAD 2016 kuna kigeu cha mfumo kiitwacho DIMLAYER. Unakipa jina la leya, na vipimo vipya vinaingia humo, mchoraji awe amesimama leya gani. Hakihitaji tukio wala kukumbuka leya ya awali, na Esc haikisumbui. Kinahifadhiwa ndani ya mchoro, kwa hiyo ukikiweka kwenye kiolezo kila mchoro mpya huzaliwa nacho. Toleo la ofisi linacho. Kazi kubwa kuliko zote za makro ile, iliyoleta kisa chote hiki, programu yenyewe inaifanya kwa mstari mmoja. Kijana aliyeandika makro hapaswi kulaumiwa. Aliandika kwa toleo alilokuwa nalo.

Jina la mpimaji nalo halihitaji fomu. Mchoro unaweza kubeba sifa zake maalumu kupitia amri ya DWGPROPS, na maandishi ya pembeni mwa karatasi yanaweza kuwa ya aina inayosoma sifa hiyo na kujiandika yenyewe. Tarehe ya kuhifadhi inapatikana kwa njia hiyohiyo. Jina linajazwa siku nyumba inapofunguliwa faili lake, na mtu aliyepanda ngazi na utepe wa kupimia, si kila anayebonyeza kuhifadhi.

Kuhusu leya 0 nilimwomba aiache. Kuna sababu halali za kuchora humo, hasa vitu vinavyoenda kuwa bloku (kundi la vitu linalotumika kama kitu kimoja), na utaratibu unaomsukuma mchoraji kila anapoigusa ulikuwa ukiwakera wanaojua kazi ili kuwazuia wasiojua.

Kwa hiyo likabaki jukumu moja ambalo AutoCAD haimfanyii mtu: kutazama kabla ya kuchapa kama kuna vipimo kwenye leya isiyochapwa. Hilo ndilo tukio linalofaa kusikilizwa. Hata hapa palikuwa na uamuzi. BeginPlot inasikika kama mahali pake, lakini huja wakati ombi la kuchapa limeshapokelewa, na haina namna ya kusema "simama". Katika VBA matukio mengi ya Begin hutoa taarifa, hayaombi ruhusa. Anayetaka kuzuia amri kabisa huenda kwenye .NET, njia nyingine ya kuiandikia AutoCAD msimbo, ambako tukio la DocumentLockModeChanged lina Veto. Hatukuhitaji kufika huko. Tulisikiliza BeginCommand yenye jina PLOT au PUBLISH, ambazo ni amri za kuchapa. Ujumbe unatokea kabla kidirisha cha kuchapa hakijafunguka, na mchoraji anaweza kukifunga akarekebisha.

Moduli ya klasi, jina lake Msikilizaji, ilibaki hivi:

Public WithEvents App As AcadApplication

Private Sub App_BeginCommand(ByVal CommandName As String)
    On Error GoTo Kosa
    Select Case UCase$(CommandName)
        Case "PLOT", "PUBLISH"
            KaguaVipimo
    End Select
    Exit Sub
Kosa:
    AndikaDaftari CommandName & ": " & Err.Description
End Sub

Na kwenye moduli ya kawaida:

Private Sikio As Msikilizaji

Public Sub AcadStartup()
    Set Sikio = New Msikilizaji
    Set Sikio.App = ThisDrawing.Application
End Sub

KaguaVipimo hupita kwenye vitu vya mchoro, huchukua vile ambavyo ObjectName yake inaishia na Dimension, huiangalia leya ya kila kimoja kama Plottable yake ni kweli, na mwisho husema vipimo vingapi havitatoka na viko leya zipi. Haitafuti leya yoyote kwa jina, kwa hiyo mchoro wa mhandisi wa maji hauiangushi. Na ikianguka kwa sababu nyingine, On Error inaipeleka kwenye daftari, kile kidirisha cha End hakitokei, sikio linabaki.

Mradi huu umehifadhiwa kwa jina la acad.dvb kwenye folda moja ya msaada iliyoandikishwa kwenye TRUSTEDPATHS (orodha ya folda ambazo AutoCAD inaziamini), si ndani ya kila mchoro. Hili lina uzito wake. Mradi uliopachikwa ndani ya mchoro huiona ThisDrawing kama mchoro ule ule uliopachikwa, hata mchoraji akiwa amehamia mwingine; mradi wa nje huiona ThisDrawing kama mchoro ulio mbele kwa wakati huo. Makro ya zamani ilikuwa imepachikwa kwenye baadhi ya michoro na kupakiwa kutoka nje kwa mingine, na mafaili yalikuwa yakibebwa kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta. Folda moja, nakala moja. Hata kiusalama ni bora, maana kuna virusi vya AutoCAD vinavyojinakili kama acad.lsp kwenye folda za michoro vikitumia tabia ya AutoCAD ya kupakia faili la jina hilo lililo karibu na mchoro.

Mwenye ofisi alitaka jambo moja zaidi. "Kama inajua kipimo kiko leya mbovu, si ikihamishe tu?" Nilikataa, na bado naona nilikuwa na haki. Kubadili vitu vya mchoro wakati mtu ameomba kuchapa ni kumtilia mkono kazini bila yeye kujua, na kwenye michoro ya ofisi nyingine huenda kipimo kimewekwa leya isiyochapwa kwa makusudi. Makro inasema, anayeamua ni mchoraji. Kwa anayetaka, tuliandika makro ya pili ya kawaida kabisa, inayoitwa kwa mkono, inayovihamisha vipimo vyote kwenda VIPIMO na kuiunda leya hiyo ikiwa haipo. Akikosea, anabonyeza U na vinarudi.

Tuliongeza pia alama ya uhai. Kila AutoCAD inapowashwa, AcadStartup huandika mstari mmoja kwenye sehemu ya amri kusema msikilizaji yuko kazini. Na kuna amri fupi ambayo mchoraji anaweza kuiita wakati wowote: inaangalia kama Sikio Is Nothing (yaani ni tupu), na ikiwa hivyo inaliunganisha upya. Kwenye ile kompyuta isiyo na VBA, kukosekana kwa mstari huo ndiko kulikomfanya aliyeitumia aulize, ndipo ikapakuliwa.

Michoro mipya haina shida. Ya zamani ndiyo inayobaki na kazi, kwa sababu DIMLAYER hukaa ndani ya kila faili na kiolezo hakiwezi kurudi nyuma kuirekebisha. Kila nyumba inayofunguliwa upya kwa ukarabati, mchoraji huita ukaguzi kwanza, anaweka DIMLAYER, kisha anaendelea. Nyumba ya fundi wa dari ilichapwa upya siku ileile kwa kuhamisha vipimo kwa mkono, na ukaguzi ulipokuwa tayari tuliujaribu kwanza kwenye nakala ya faili lake kabla ya marekebisho. Ulivitaja vipimo vya vyumba vyote, na vingine vya msana (sebule ndefu inayoelekea ua wa ndani) ambavyo hata mchoraji hakujua kuwa havikutoka.